Tarehe Mbili za Bi Lini

Watu wa hospitali humwita mke wangu Bi Lini, na wengi wao hawajui jina lake la kweli ingawa wamefanya naye kazi miaka ishirini na miwili. Jina hilo alilipata kwa swali lake. Ukimpelekea fomu ya mgonjwa pale dirishani, hakuulizi mgonjwa ni nani wala anaumwa nini; hayo ameshayaona kwenye karatasi. Anakutazama juu ya miwani na kukuuliza, "Alianza lini?" Ukimjibu leo, anauliza tena, "Ameletwa leo, au ameanza kuumwa leo?" Daktari mmoja kijana aliwahi kulikwepa dirisha lile akazungukia mlango wa nyuma, ili aziache fomu mezani bila kuhojiwa. Alimkuta amesimama mlangoni.

Mimi ni mumewe, na kazi yangu ni kinyozi. Nayasema haya mapema ili msije mkanisema baadaye kwamba nimetia chumvi kwa sababu ya mapenzi. Chumvi nimetia, kidogo. Lakini hesabu zote zilizomo humu ni zake, na hizo sijazigusa, maana angenitoa nyumbani.

Chumba chake kiko mwisho wa korido ya wagonjwa wa nje, kati ya stoo ya mashuka na choo cha wafanyakazi. Kuna meza moja, viti viwili, kimoja kimewekewa gazeti lililokunjwa chini ya mguu, na kabati la chuma ambalo droo yake ya chini haifunguki mpaka uipige teke. Zahanati kumi na moja zinaleta fomu zao humo: nani kaugua, ana umri gani, anakaa wapi. Yeye anaziandika, anazijumlisha kila Alhamisi na kuzipeleka kwa wakubwa. Ukitazama kwa juu juu utasema ni kazi ya kunakili tu. Hata mimi niliwahi kusema hivyo, tena mbele ya mama mkwe, na mama mkwe hajanisamehe mpaka leo.

Kosa lililomfanya mke wangu awe alivyo nitalisema, kwa kuwa yeye mwenyewe halifichi. Ilikuwa mwaka wake wa tatu kazini. Fomu za wakati ule zilikuwa na nafasi moja tu ya tarehe, na makarani wote walijaza tarehe fomu ilipofika mezani. Siku moja ikaja bahasha kutoka zahanati ya ng'ambo ya mto, fomu arobaini kwa mpigo, zote za kuhara. Akaziandika tarehe ile ile. Kwa wakubwa ikaonekana kwamba watu arobaini wameanza kuhara siku moja. Mbio mbio, gari, hema, dawa ya maji na wauguzi vikavushwa ng'ambo. Walipofika wakawakuta wagonjwa wale wameshapona zamani, wako mashambani wanalima, wanawashangaa wageni. Na wiki hiyo hiyo kuhara kulikuwa kunaanza kwenye machimbo ya mawe, upande wa pili kabisa, ambako hapakuwa na hata muuguzi wa ziada. Mama mmoja mponda kokoto alimzika mwanawe. Alipokuja dirishani kufuata karatasi ya kifo aliuliza, bila hasira, "Hivi nyinyi huwa mnajua lini?" 

Kesho yake mke wangu alinunua daftari kubwa la jalada gumu na kulipiga mistari kwa rula. Aliweka safu mbili za tarehe: siku mgonjwa alipoanza kuumwa, na siku fomu ilipotua mezani. Hakuna aliyemtuma. Bosi wake wa kwanza alimwambia anapoteza wino, wa pili akamwambia anajitia udaktari, na wa tatu hakujua hata kama daftari lipo. Hata fomu mpya zilipoletwa, zenye nafasi ya siku ya kuanza kuugua peke yake, yeye aliendelea na safu zake mbili. Mimi nilikuwa namtania. Nilimwambia anafanana na mtu anayepokea barua akasoma muhuri wa posta badala ya barua yenyewe. Alinijibu, "Muhuri ndio unaokuambia kama barua bado ina maana." Madaftari yakaongezeka hadi yakawa kumi na manne, na ile droo ya chini ikawa haitoshi.

Hapo ndipo surua ilipoingia.

Wenye watoto wanajua surua ni nini, sina haja ya kueleza. Ilianza na watoto wawili, wakawa tisa, wakawa thelathini, na wiki ya nne wodi ya watoto ikawa inalaza wawili wawili kitanda kimoja. Chuo kikuu kikatuma mtaalamu wa hesabu za magonjwa. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye viatu vizuri kuliko barabara zetu na kompyuta ambayo hakuiachia hata alipokuja kwangu kunyolewa. Aliipakata chini ya kitambaa.

"Sasa mwanangu," nilimwambia, "ugonjwa unahesabiwaje? Si unahesabu tu wagonjwa?"

"Hapana, mzee. Wagonjwa ni sehemu moja. Nawagawa watu mafungu matatu. Wasiougua bado lakini wanaweza kuugua, wanaoumwa sasa, na waliokwishapona, ambao surua haiwarudii."

Nikafikiri kidogo. "Kama humu dukani. Benchi, kiti, na waliotoka na vipara vyao."

Alicheka hadi nusura nimkate. "Hivyo hivyo, mzee! Tofauti ni kwamba kwako aliye kwenye kiti hamvuti wa benchi. Kwa surua, aliye kwenye kiti ndiye anayewaita. Mmoja anaweza kuwavuta hata kumi na watano, ikiwa benchi zima halina chanjo."

"Ningekuwa na biashara ya namna hiyo, leo ungenyolewa na wasaidizi wangu sita. Sasa wewe kazi yako nini?"

"Kujua benchi lipi limejaa, na nina siku ngapi za kuwaondoa watu pale kabla hawajaitwa. Chanjo ndiyo inayowaondoa. Lakini chanjo ni chache, kwa hiyo hesabu lazima iseme kweli."

Nilimpenda tangu siku hiyo. Nilimwambia kwamba mke wangu anafanya kazi chumba kile cha mwisho wa korido, na kwamba hana budi kumtembelea. Alisema atakwenda. Hakwenda, na simlaumu. Nani anamtembelea karani? Takwimu humfikia mtu kwenye karatasi safi iliyopigwa chapa, utadhani zimejiandika zenyewe.

Wiki ya tano fomu zilikuwa tisini na mbili. Wiki ya sita zikawa sabini na nane. Wiki ya saba zikawa arobaini na moja. Mtaalamu akachora mchoro wake, na mstari ukaonekana umepanda mlima umeshafika kileleni, sasa unateremka. Daktari mkuu akatangaza kwamba surua inaaga. Dukani kwangu watu walipeana mikono kama waliofaulu mtihani. Ikasemwa kwamba dozi elfu sita zilizobaki kwenye majokofu, ambazo zilikuwa zimepangiwa ng'ambo ya mto na machimboni, zitapakiwa kwenye lori siku ya Ijumaa zipelekwe sehemu nyingine iliyokuwa inalia kuomba msaada. Mkutano wa kupitisha jambo hilo ulikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi.

Jumatano alasiri mke wangu alipitia dukani akitoka kazini. Mikononi alikuwa na mfuko wa madaftari, na uso ulikuwa ule ninaoujua, wa mtu aliyeona nyoka lakini hataki kupiga kelele mpaka ahakikishe. Akasema, "Funga duka. Nataka mtu wa kunisomea."

Nilikuwa na wateja wawili kwenye benchi. Nilifunga.

Tulikaa kwenye meza ya kulia chakula, mimi nikisoma, yeye akichora vijistari. "Alianza tarehe nne, imefika tarehe kumi na sita. Alianza tarehe saba, imefika tarehe tisa." Zahanati moja baada ya nyingine. Jua lilikuwa bado halijazama alipovua miwani akanionyesha ukurasa wake.

"Zahanati ya sokoni, fomu zinafika siku ile ile au kesho yake," alisema. "Machimboni, wakiugua watoto kumi, Alhamisi inayofuata ninakuwa na fomu tatu. Ng'ambo, wakiugua kumi, ninakuwa na moja. Moja, baba watoto. Tisa zilizobaki ziko kwenye droo ya muuguzi, zinasubiri gari la dawa, na gari lenyewe liko gereji."

"Na kwa wiki hii ya saba una ngapi za ng'ambo?"

"Sita."

Nilihesabu vidole nikavimaliza. "Sitini?"

"Sitini. Na machimboni ninazo tisa, kwa hiyo thelathini. Hizo nyingine nimezifanyia vivyo hivyo, zinakuja themanini na mbili kasoro thelathini."

"Sema kwa lugha ya watu."

"Hamsini na mbili. Jumla mia moja arobaini na mbili. Ugonjwa haujashuka hata kidogo. Unapanda. Kilichoshuka ni karatasi."

Nilimwuliza kwa nini asimpigie simu muuguzi wa ng'ambo. Alikuwa amempigia mara sita tangu Jumanne. Simu iliita tu. Hapo ndipo aliponifundisha jambo ambalo nadhani halimo kwenye vitabu vya wasomi. Yule muuguzi yuko peke yake. Akiwa na wagonjwa watano anajaza fomu tano jioni hiyo hiyo, kwa mwandiko mzuri. Akiwa na wagonjwa hamsini hana nafasi ya kushika kalamu. "Kwa hiyo ng'ambo wakinyamaza ghafla," alisema, "mimi ndipo ninapoogopa."

Lazima niseme ukweli kwamba nilimshauri anyamaze na yeye. Nilimwambia wale ni madaktari, yule ni msomi wa chuo kikuu, na yeye ni karani, na mwisho wa ubishi wa tembo mnajua nani huumia. Alivaa tena miwani yake. Kisha akasema, "Wakati ule nilikuwa sijui. Sasa najua." Niliona aibu, nikaenda kumpigia pasi gauni lake la buluu, lile la kwendea mikutano ya wazazi.

Ya mkutanoni nimeyapata kwa vinywa viwili, cha mke wangu kinachopunguza na cha mtaalamu kinachoongeza, nami nimeshika katikati. Kwa desturi karani huingia, huweka karatasi ya takwimu mbele ya kila mkubwa, na hutoka. Siku ile aliweka karatasi, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama karibu na mlango na mfuko wake.

"Asante, mama, unaweza kwenda," alisema daktari mkuu.

"Daktari, naomba dakika mbili."

"Takwimu tumeshaziona, mama."

"Hamjaziona, daktari. Mmeona zilizofika."

Akawaeleza yale aliyonieleza mimi mezani: sokoni, machimboni, ng'ambo, muuguzi na droo yake. Mkubwa mmoja aliangalia saa. Mwingine alisema kwamba fomu kuchelewa si habari mpya, huchelewa kila mahali. Lakini yule kijana mtaalamu alikuwa ameacha kuandika.

"Mama," alisema, "fomu zangu zina siku ya kuanza kuugua peke yake. Siku ya kufika sikuipata popote. Wewe unayo?"

"Ninayo."

"Ya tangu lini?"

Aliposikia swali lake linarudi kwake, anasema nusura acheke. "Miaka kumi na tisa."

Kijana aliinuka. Aliiacha kompyuta yake mezani, ile asiyoiachia, akafuatana na mke wangu hadi mwisho wa korido, akapiga teke droo kama alivyoelekezwa, na akarudi mkutanoni amebeba madaftari kumi mikononi hadi kidevuni. Akawaambia wakubwa wake, "Nilichukulia kwamba fomu zote zinachelewa siku mbili tatu, kila zahanati sawa. Nimekosea. Mchoro wangu hauna maana kwa wiki hizi mbili za mwisho." Mimi nimewanyoa wasomi wengi, na neno "nimekosea" ni wachache waliolitamka hata kwa kinyozi. Mama yake kijana yule amezaa.

Daktari mkuu naye si mtu mbaya, nampa haki yake. Alimwuliza mke wangu, "Wiki ya saba, unasema wagonjwa wangapi?"

"Mia moja arobaini na mbili."

"Karatasi yako hii imeandikwa arobaini na mmoja."

"Ndiyo."

"Huko zinakotakiwa chanjo hizi watoto wanakufa leo, mama. Hao hawakisiwi, wamezikwa. Nikizizuia hapa kwa ajili ya hesabu yako, na hesabu iwe si kweli?"

"Nitakuwa nimewanyima," alisema mke wangu. "Najua."

Daktari akampa siku nane. Gari la dawa lingetolewa gereji, liende ng'ambo likazichukue fomu, na ikifika Ijumaa ya pili bila wagonjwa wale kuonekana, lori lingeondoka na dozi zote. Mke wangu alikuwa ameshafika mlangoni aliporudi tena. "Daktari, gari likienda lisiende tupu. Likifuata karatasi tu, litakuwa limekwenda kuhesabu wagonjwa. Lipewe hata dozi za kuanzia." Alipewa mia tano.

Siku nane zile sitazisahau. Mji mdogo hauna siri, na kufika Jumamosi kila mtu alishajua kwamba kuna karani amezuia lori. Mteja wangu mmoja, fundi wa redio, aliketi kwenye kiti changu akasema, "Shemeji yetu anaipenda surua. Watu wanataka iondoke, yeye anaishika shati." Hasira ni hasara, nalijua hilo, lakini siku hiyo niliamua kupata hasara. Nilizima mashine kichwa kikiwa kimenyolewa nusu, nikamwambia akamalizie kwingine. Alizunguka na kichwa kile hadi vinyozi wote wawili wengine walipomkatalia, akarudi kuomba radhi. Nilimmalizia, lakini sikumpaka mafuta.

Jumatatu zilifika fomu kumi na nne za wiki ya saba. Nilifurahi, nikawa naimba nikifagia nywele. Mke wangu alipofika nyumbani nilimpokea kwa pongezi: arobaini na moja na kumi na nne, hamsini na tano! Akaweka mkoba chini akaniambia, "Usinishangilie. Hao ni watoto." Ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinamla. Kila fomu iliyomthibitisha ilikuwa na mtoto anayechemka homa. Fomu zisipokuja, kuna watoto wa mahali pengine waliokosa chanjo kwa ajili yake. Hakuwa na pa kufurahia. Jumanne zikaja kumi na mbili, Jumatano tatu. Usiku wa Jumatano hakula. Aliniambia anaomba awe amekosea, na anaogopa awe amekosea, vyote viwili kwa pamoja, na kwamba hajui Mungu atajibu lipi.

Alhamisi zikaja kumi na sita, nyingi za machimboni. Jumla themanini na sita.

Ijumaa gari la dawa lilirudi saa tano asubuhi, vumbi hadi kwenye vioo. Dereva alishuka na bahasha mbili za kaki zilizofungwa kwa uzi wa kushonea vidonda, na barua fupi ya muuguzi kwa mke wangu. Iliandikwa hivi: "Dada, nisamehe, simu nilikuwa naisikia. Nimewalaza mpaka kwenye veranda. Dozi mia tano zimekwisha jana mchana." Ndani ya bahasha, fomu za wiki ya saba zilikuwa hamsini na moja. Mke wangu aliziandika moja moja, tarehe mbili kila moja, huku daktari mkuu amesimama nyuma ya kiti chake na hakumharakisha. Mia moja thelathini na saba.

Baadaye zilichechemea nyingine nane, jumla ikawa mia moja arobaini na tano. Alikosea kwa watatu. Mimi husema "watatu tu" na yeye hukasirika, anasema hakuna "tu" kwenye watoto.

Lori lile liliondoka Ijumaa hiyo hiyo, lakini lilivuka mto. Wauguzi walichanja siku sita mfululizo, ng'ambo kwanza, kisha machimboni. Na daktari mkuu alifanya jambo ambalo lilimfanya mke wangu alie: alipiga simu mbele yake, akawaombea wale wengine dozi kutoka ghala kuu, na hakukata mpaka akapewa siku. Walizipata wiki iliyofuata. Zilichelewa, na mke wangu hakujifanya kwamba hazikuchelewa. Ameiandika tarehe hiyo pia kwenye daftari lake, ukurasa wa mwisho, peke yake.

Wiki ya kumi surua ilianza kushuka, na safari hii ilishuka kwenye safu zote mbili. Mtaalamu aliikarabati hesabu yake yote. Sasa kila zahanati ina uchelewaji wake ndani ya kompyuta, na chuoni kwao, anasema, wanafunzi wanafundishwa kwamba kabla ya kuamini mstari unaoshuka waulize kwanza fomu zinatoka wapi na zinapanda gari gani. Fomu mpya nazo zimechapwa, zina nafasi mbili za tarehe. Mke wangu alipoiona ya kwanza aliishika kwa mikono miwili muda mrefu, kisha akasema mstari wa katikati umepinda.

Cheo ni kile kile, na chumba ni kile kile. Droo imepakwa mafuta.

Kijana alipokuja kuaga nilimnyoa bila malipo, na mke wangu alikuwepo dukani. Akatuambia ameirudisha hesabu nyuma, akaiendesha kama vile lori lilikwenda zake ile Ijumaa ya kwanza. Ng'ambo peke yake wangeugua watoto mia tisa zaidi. Akataja na idadi ya ambao wangekufa, lakini hiyo mke wangu alinikataza kuitaja nikiwa nasimulia, kwa hiyo siitaji.

Mimi kifua kilinijaa. Mia tisa! Nilitaka kuwaona. Nilimwambia, "Bibie, nionyeshe hata mmoja tu nimshike mkono."

"Siwezi," alisema. "Hawana fomu."

Nililifikiria jibu hilo siku nyingi. Mtu kafanya kazi ya fomu maisha yake yote, na wale aliowafaa kuliko wote hawakuandikwa popote, wala wao wenyewe hawajijui.

Shule zilipokaribia kufunguliwa walikuja wengi kunyolewa, na wa ng'ambo ya mto nao wakaja. Kuna mama mmoja aliniletea binti mdogo mwenye nywele za kujisokota kama pilipili. Surua, kama hamjui, hupenda kuanza kujionyesha nyuma ya masikio, pale nywele zinapoishia. Nilipofika hapo nilizima mashine, nikalikunja sikio taratibu, nikatazama. Kisha nikalikunja la pili. Ngozi ilikuwa laini, safi, haina hata kipele kimoja. Nilikaa nikiangalia hadi mama yake akaingiwa na wasiwasi.

"Vipi, kinyozi? Kuna nini hapo?"

"Hakuna kitu," nilimwambia. "Hiyo ndiyo kazi ya mke wangu."